Kinu cha Alhamisi

"Rahila," alisema shemeji yake Marhoon kabla hata hajavua viatu, "mtaani wanasema nyumba yangu inapigwa ngoma."

"Hapana ngoma nyumba hii, shemeji. Vipo vinu viwili na wanawake wanaotwanga. Au na kutwanga kumekatazwa?"

Marhoon akakuna ndevu. Maskati ya baridi ile ya 1966, ngoma zilikuwa hazitakiwi, na aliyetoka Unguja aliambiwa mara mbili. "Tumepokelewa hapa kwa hisani," akasema. "Usiniletee askari mlangoni."

Rahila alitoka Unguja baada ya mapinduzi na binti yake Muhsina, sanduku moja, na cheti cha chuo cha ualimu alichokikunja ndani ya kanga. Skuli ya kumwajiri hakuiona. Mumewe Ghanim alikuwa Kuwait akifanya kazi, na wao wakabaki chini ya dari la Marhoon. Rahila hakuwa mtu wa kukaa akilia. Mawe ya uani yalipopoa na kuacha kuchoma nyayo, akatangaza mchezo wa kuigiza, wa wanawake watupu, kila Alhamisi baada ya alasiri mpaka baridi iishe. Kisa chenyewe alikitunga mwenyewe: bahili aliyemfungia mkewe ghalani asile tende.

Wasichana tisa walikuja. Mama zao waliwaruhusu kwa ajili ya mchezo. Kwa kusoma tu wasingewaruhusu. Na sharti la Rahila lilikuwa moja: asiyeweza kusoma maneno yake kwenye karatasi hakanyagi jamvi. Msahafu walikuwa wakiusoma tangu wadogo, lakini barua ya baba ikija kutoka Kuwait, ilipelekwa kwa mwanamume aisome. Mchezo ukifa, na masomo yangekufa siku hiyo hiyo.

Mchezo bila mdundo haunogi, ndiyo maana ya vinu. Bahili akiingia, michi miwili inamtangulia. Rahila akaona ngano inaufifisha mlio, akaamrisha watwange vinu vitupu.

Hapo ndipo alipokosea. Alhamisi ya tatu, jirani yake Masouda akaingia bila hodi. Masouda alizaliwa Maskati kwa mama wa Kipemba, na Kiswahili chake kilikuwa kamili, kasoro salamu.

"Kinu chako kitupu."

"Umejuaje?"

"Mie si mwanamke? Alhamisi tatu mnatwanga, na sijaona hata kijiko cha bokoboko la ngano. Mie nimejua, na mke wa askari atajua."

Rahila akajiona mjinga. Cheti kizima cha ualimu, na kinu kimemshinda. Lakini hakuomba radhi.

"Basi lete ngano. Na umlete Nasriya."

"Mwanangu aje kufanya nini?"

"Kusoma. Barua za mumeo nani anakusomea?"

Masouda akatupa jicho chumba cha Marhoon. "Shemeji yako. Barua kurasa tatu, ananisomea salamu tatu."

Kesho yake akaleta kikapu cha ngano, na Nasriya nyuma yake. Tangu hapo kila Alhamisi bokoboko lilipikwa, mtaa ukala, na kinu kikanung'unika kinyonge. Nasriya akapewa ubahili, na ndevu za manyoya ya mbuzi. Wiki ya saba akamsomea mama yake barua nzima, mpaka zile habari za aibu. Masouda akacheka huku akifuta machozi, na kwa Marhoon hakwenda tena.

Askari alikuja Alhamisi ya nane. Marhoon akafungua mlango, uso umemsawijika. Rahila akajitanda ushungi, akatoka.

"Kuna kelele hapa," askari alisema kwa Kiarabu.

"Ngano hiyo. Nikupakulie?"

"Na maneno? Nimesikia mwanamume anagombeza."

Nasriya akachungulia mlangoni, ndevu zimemwenda upande.

Marhoon akakohoa mara mbili. Rahila alijua maana yake: sema ni harusi, sema ni maulidi, sema lolote. Uongo ulikuwa tayari ulimini. Lakini nyuma ya mlango wasichana tisa walikuwa wamejibana, wanamsikiliza mwalimu wao.

"Wasichana wanasoma," akasema. "Mie ndiye ninayewasomesha."

"Kwa idhini ya nani?"

"Ya mama zao."

"Nipe jina lako. Litafika kwa liwali."

"Liandike."

Askari hakutoa kalamu. "Sema tu. Nitalikumbuka."

"Majina hupotea njiani. Nasriya! Karatasi."

Nasriya akachutama kizingitini, manyoya ya mbuzi yakimdondokea mkononi, akaandika: Rahila binti Harub. Na chini yake, bila kuambiwa: mwalimu.

Askari akaigeuza karatasi juu chini. "Inasemaje?" akauliza hatimaye, kwa sauti ya chini.

Nasriya akamsomea. Askari akaikunja, akaipachika kwenye mkanda wa jambia, akaondoka bila kuaga.

"Umetumaliza," Marhoon alisema. "Watatufukuza."

"Wakitufukuza, shemeji, jina langu limeandikwa sawasawa. Ulitaka niseme nini mbele ya watoto hawa?"

Marhoon akaurudisha mlango, akaupiga komeo.

Uani, Masouda alikuwa amesimama na mchi. "Ewe bahili! Rudi ndani, mkeo bado yumo ghalani!"

Wasichana wakaangua kicheko, lakini macho yao yalikuwa kwa Rahila. Rahila akaenda kwenye kinu, akakiinamisha, akaimwaga ngano yote kwenye ungo. Akafanya vivyo hivyo na cha pili.

"Mama," Muhsina akanong'ona, "watasikia mpaka sokoni."

"Nnajua. Twangeni."

Michi ikashuka kwenye vinu vitupu, na bahili akaingia.