Foleni ya Suti Nyeusi

Mchezo wetu ulikuwa umeshakufa mara mbili. Mara ya kwanza tuliutoa katika diski za kompyuta, wakaununua jamaa zetu tu. Mara ya pili tukautoa kwa mashine ya nyumbani, ile ya kuchomekwa kwenye televisheni, na maduka ya hapa Hiroshima yakauweka rafu ya chini kabisa, mahali pa kuonwa na paka. Ulikuwa mchezo wa dango, vidonge vya unga wa mchele vya rangi tatu vinavyoanguka kutoka juu. Ukivipanga vya rangi moja pamoja vinatoweka, na masalio yanamwangukia mpinzani wako. Muziki wake niliutunga mimi, kwa hiyo msiniulize kama ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri.

Aliyeubuni ni Hatsue Kuramoto. Bosi wetu, Kajitani, alikubali kuutoa mara ya tatu, safari hii katika kumbi za michezo mitaani, zenye mashine za kutumbukiza sarafu, kwa sharti moja: kwanza mashine moja ijaribiwe Jumamosi katika ukumbi wa karibu na ofisi yetu. Watu wasipoucheza, unazikwa. Na Hatsue atarudi kwao Kure, ambako baba yake anafuga chaza na alishamnunulia glavu za kuwafungulia.

"Mikono hii ikirudi kwenye chaza, ndiyo basi tena," aliniambia. "Namjua baba."

Jumamosi tulikwenda ofisi nzima, na suti zetu nyeusi. Desturi ya kazi yetu ni kwamba siku ya majaribio watengenezaji husimama nyuma ya kiti cha mashine, kimya, wakiwatazama wachezaji. Tukasimama. Na kwa kuwa hatukulelewa kusimama ovyo kama kuku waliomwagiwa mchele, tulisimama mmoja nyuma ya mwenzake, tumenyooka, Bosi mbele, mimi mkiani.

Hakucheza mtu. Walikuja, wakazitazama dango, wakatabasamu. Kisha wakatutazama sisi, wakainamisha vichwa kidogo, wakaenda zao kwenye michezo ya ngumi.

"Unaona, Hatsue?" Bosi alisema bila kugeuka. "Hata kuugusa hawataki."

"Bosi, siku bado ndefu."

"Siku ndefu, dada, ila wateja ndio wafupi."

Nilikasirika nikatamani kumpiga mtu teke, lakini wa karibu alikuwa mhasibu, na yeye hakuwa na kosa.

Mchana akaja bibi mmoja na mfuko wa vitunguu majani, akasimama nyuma yangu. Nilidhani kapotea. Akasimama weee, mwisho akanigusa mgongoni.

"Mwanangu, foleni hii mbona haisogei?"

"Foleni gani, bibi?"

"Si hii! Asubuhi nimepita, mmejaa. Nimekwenda sokoni, nimerudi, ni nyie nyie. Kiti kitupu, wa mbele hakai. Mnataka kucheza au mmekuja kumzika mtu?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu asubuhi tulikuwa tunawafukuza wateja kwa adabu zetu wenyewe, maana hapa kwetu nani atairuka foleni, tena ya watu wenye suti? Nani atathubutu hata kuwauliza?

Hatsue alicheka mpaka akachuchumaa. Halafu akainuka, akapiga makofi.

"Tokeni! Wote, nje! Na wewe, Bosi, nje!"

Kajitani alikuwa hajawahi kuambiwa "nje" na mfanyakazi wake. Akatoka.

Tulivuka barabara, tukaketi katika duka la okonomiyaki, zile chapati nene za kabichi, mbele ya bamba la chuma la kukaangia. Kabichi na tambi zikaiva, zikaungua pembeni, hakuna aliyekula. Hatsue alikaa mlangoni.

"Hakuna kuchungulia," alisema. "Tukirudi tu, tumewafukuza tena."

Nilimwonea huruma, nikamsogezea chai, nayo ikapoa.

Baadaye Bosi akasema anakwenda chooni. Choo kilikuwa ndani mle mle dukani, yeye akavuka barabara. Tukamngoja, hakurudi. Hatsue akashindwa kuvumilia, akatoka mbio, nami nyuma yake.

Tulimkuta Kajitani amesimama nje ya mlango wa ukumbi. Mbele yake kulikuwa na watu mpaka ndani. Na kule mbele kabisa, kwenye mashine yetu, mfuko wa vitunguu ukiwa miguuni, yule bibi alikuwa anamnyuka mwanafunzi wa chuo.

"Haya, vidonge vyako hivyo, vimeze!" alikuwa akipiga kelele.

Hatsue alitaka kupita mbele aone vizuri. Bosi akanyoosha mkono kumzuia.

"Nyuma, dada. Huoni kuna foleni?"

Hatsue akarudi nyuma yake, machozi yakimtoka, nami nikasimama nyuma yao. Mara nikaguswa bega. Alikuwa dereva wa basi, kofia mkononi.

"Samahani, mwisho wa foleni ni hapa?"

Kabla sijajibu, Hatsue aligeuka, akajifuta macho kwa mkono wa suti.

"Ni hapa, kaka. Ila utangoja sana."