Mkia wa Keris ya Pak Darsono

Kazi ya siku tatu, Bu Sutinah aliitaka kwa saa mbili. Saa nne mumewe, Pak Darsono, angepasuliwa moyo hospitalini, na mama huyo alitaka keris ya ukoo, lile jambia la babu zao, mgonjwa apelekewe aishike kabla hajaingizwa ndani.

"Akiiona na kutu hivi atakata tamaa kabla hawajamgusa," aliniambia.

Ningekataa. Marehemu baba yangu, aliyenifundisha kazi hii ya kusafisha keris, angekataa tena kwa matusi. Lakini niliona mama wa watu kavaa kandambili zisizofanana, nikamkalisha barazani, nikaingia karakana.

Kutu ilikuwa imeung'ang'ania mkia wa chuma ndani ya mpini. Ili utoke keris isafishwe, mpini hupashwa moto kwa taa polepole; unazungusha kidogo, unangoja, unazungusha tena. Haraka haraka haina baraka, wimbo wangu huo miaka ishirini. Siku hiyo nilitazama saa, nikazungusha kwa nguvu. Nikasikia ka! Mkia umekatika. Mpini mkono huu, keris mkono huu.

Nililia, sioni haya kusema. Kwetu, keris ikikatika mkia, mwanamume wa nyumba naye hufa. Mimi siamini sana, lakini ningemwambiaje mtu ambaye hana kingine cha kuamini?

Nikaisugua kwa ndimu mpaka michirizi ya chuma ikajitokeza, nikaipaka mafuta, nikaunga mkia kwa ulimbo wa moto. Ulimbo peke yake haushiki. Lazima mkia uzungushiwe nywele ndipo mpini ukaze, na kichwa changu kina upara. Ikabidi nitoke.

"Bu, naomba nywele zako kidogo. Za kukazia mpini."

Alinitazama kwa macho mekundu.

"Nimesikia kitu kimelia huko ndani."

Nikatazama kandambili zake.

"Kikombe hicho," akasema. "Kimekuponyoka."

"Ndiyo, Bu. Kikombe."

"Tangu utoto wako mikono hovyo. Mama yako aliishiwa vyombo kwa sababu yako."

Akafungua fundo la nywele zake, mvi tupu, akachukua mkasi mkononi mwangu. Nilidhani atakata ncha. Alikata zote, mpaka shingoni, akanijaza viganja viwili.

"Zungusha zote, mwanangu," akasema. "Kaza sana."