Ngoma ya Kuwaamsha Viroboto

Dada yangu Mwasiti aliniambia nichague: paka atoke, au nitoke pamoja naye. Aliyasema hayo amesimama juu ya kiti, gauni amelikusanya magotini, miguu imemtoka vipele kuanzia vifundoni.

"Kaka Saad, huyu mnyama wako wa Kongo ameniletea viroboto ndani."

"Hakuja na viroboto, Mwasiti. Alikuja na mimi."

"Ndicho ninachosema."

Paka jina lake Kalemie, maana huko ndiko nilikomtoa, ng'ambo ya ziwa, juu ya boti la magunia. Mimi nimekaa miji mingi. Nimebeba chumvi Uvinza, nimepakia shehena bandarini Mpulungu, reli nimeifuata mpaka ikanichoka. Kote huko sikufuga hata kuku. Uzee uliponirudisha Ujiji, nilifika kwa dada yangu na begi moja na paka mmoja, na yule paka hakumaliza wiki, akazaa watoto wanne chini ya kitanda cha chumba cha uani.

Hapo ndipo palipoharibika. Chumba kile kilikuwa kinamngoja Lulu.

Lulu ni binti pekee wa Mwasiti. Ameolewa Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, na kijana anaitwa Ashraf, fundi wa simu, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika ukingoni. Kwetu mzazi wa kwanza haulizwi atakaa wapi. Akijifungua anarudi kwa mama yake, akandwe kwa maji ya moto, anyweshwe uji wa pilipili manga, atimize arobaini yake ndipo arudi kwa mume. Mwasiti alikwisha nunua beseni, kanga za kumfunga tumbo, na chandarua kipya. Kila jioni alifungua mlango wa chumba kile, akakitazama, akaufunga tena. Anatabasamu peke yake.

Basi siku moja akaja mkwe mwenzake, Mama Ashraf, kukiona chumba. Mama wa mwili, msafi, nyumba yake ya Mwanga ina vigae mpaka ukutani. Akatandikiwa mkeka mpya, akaletewa chai na vitumbua. Kikombe hakijafika nusu, akajipiga kofi la shavu la mguu. Akanywa tena. Akajipiga mguu wa pili. Halafu, kwa heshima ya mwenyeji, akaanza kujikuna mguu kwa mguu chini ya kanga, uso umetulia kama yuko msibani.

Mwishoni akaweka kikombe.

"Mkwe mwenzangu, hiki chumba kina watu."

"Watu gani?"

"Wadogo wadogo. Wanaruka." Akainuka. "Usinielewe vibaya, Mama Lulu. Mtoto mchanga ngozi yake laini. Wakitoka hospitali, wapitilize kwangu. Wewe utakuwa unakuja kutazama."

Kuja kutazama! Mjukuu wa kwanza, aende kumtazama kama mgonjwa wa jirani! Mwasiti alimsindikiza mgeni mpaka kwenye bajaji akicheka vizuri tu. Kisha akaingia jikoni, akalia, na nilipomuuliza akasema ni moshi. Jiko halikuwa limewashwa.

Kwa hiyo sikubishana tena. Nilimtia Kalemie na wanawe kwenye tenga, nikawapeleka ufukweni Katonga kwa rafiki yangu Gasper, mwenye stoo ya nyavu na magunia ya dagaa. Panya walikuwa wamemlia nyavu hadi basi. Alimpokea paka kwa mikono miwili.

"Huyu hapa atakula samaki, tena migebuka, Mzee Saad. Kwenu alikuwa anakula nini?"

"Maneno ya dada yangu."

Nyumbani tukafunga chumba kwa kufuli. Akili yetu ilikuwa nyepesi: paka hayupo, watu hawaingii, viroboto watakula nini? Watakufa njaa, tutawafagia. Mwasiti alipita mlangoni kila asubuhi akiwaambia, "Njaa hiyo! Bado!"

Siku ya kufungua, chumba kilikuwa kimya, safi machoni. Mwasiti akasimama kizingitini.

"Ingia wewe kwanza, kaka. Wewe umezoea safari."

Nikaingia. Nikapigapiga miguu, kweli sikuona kitu. Nikakokota kitanda ili nifagie chini yake, kikapiga kelele sakafuni, kwenye ile saruji yenye nyufa. Nikasimama kupumua. Nilipotazama chini, suruali yangu kuanzia vifundoni ilikuwa kama imemwagiwa ulezi, na ulezi unapanda!

Nilitoka mle ndani kwa mwendo ambao goti langu lilikuwa limeusahau. Nikawa uani naruka, najipiga mapaja, nazunguka kisima. Jirani yetu Agnesi, mama wa Kiha mwenye mdomo usiofungwa, akachungulia juu ya ukuta, akanisalimu kwa lugha yao.

"Mwakeye, Mzee Saad! Ngoma gani hiyo unacheza peke yako asubuhi yote hii?"

Nilikwenda moja kwa moja Mwanga sokoni, kwenye duka la dawa za mifugo la Dismasi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nipe ile dawa kali ya kuogeshea ng'ombe."

"Una ng'ombe wangapi?"

"Nina paka mmoja."

Dismasi alikuwa ameshaishika chupa. Akairudisha rafuni. "Ukimpaka hii atajilamba, halafu utakuja kuniuliza kaburi la paka linachimbwa urefu gani. Hebu kaa, uniambie."

Nikamwambia yote, na la kufuli. Alicheka mpaka akashika kaunta.

"Mzee, hukuwaua. Uliwalaza. Kiroboto kabla hajawa mkubwa anajifunga kwenye kifuko, humo kwenye vumbi na nyufa. Njaa haimhusu. Anangoja. Akisikia sakafu inatikisika, akisikia joto la mwili, anajua mwenye nyumba karudi, anatoka. Wewe umekokota kitanda, umewapigia kengele ya chakula."

"Basi nipe ya kupuliza."

"Chumba cha mtoto mchanga? Sikuuzii. Wewe fanya hivi: maji ya moto na sabuni kwenye nyufa, godoro na mikeka juani, ufagio kila siku, vumbi lake ulichome. Na kabla ya kufagia, piga vishindo watoke wote. Wakitoka wakubwa ndipo unawapata. Paka yuko wapi?"

"Nimemfukuza."

"Umefukuza askari wako! Mrudishe. Mtie matone haya nyuma ya shingo, mahali asipofika kwa ulimi. Atakayemrukia na kumuuma, amekwisha. Paka asipokuwepo, unafikiri wanamla nani?"

Niliitazama miguu yangu.

"Watoto wake usiwatie, bado wadogo," akasema. "Waogeshe na sabuni, uwachane kwa kichanuo cha chawa. Na utafute soksi nyeupe ndefu. Ukitembea nazo chumbani, mwenyewe utaona wamebaki wangapi."

Kazi ilikuwa kwa Gasper. Nilimkuta Kalemie amelala juu ya wavu, tumbo kama gunia, na Gasper anampungia nzi.

"Nimemfuata paka wangu."

"Paka gani? Huyu ni mfanyakazi."

"Gasper, nyumba inaharibika kule."

"Na nyavu zangu? Tangu afike sijaona mkia wa panya. Wewe ulisema umemleta, hukusema umemweka amana."

Tuliburuzana mpaka dagaa walioanikwa wakaanuliwa. Mwishowe nikamwachia ahadi: mtoto mmoja wa Kalemie, yule mwenye kidoa puani, akikua atarudi Katonga kushika kazi. Tukapeana mikono kama watu waliooana.

Mwasiti aliponiona na tenga alishika kiuno. "Huyo tena?"

Nikamweleza maneno ya Dismasi, moja baada ya jingine. Akalitazama goti langu.

"Vishindo atapiga nani? Wewe mwenye goti moja?"

"Wewe. Nani alikuwa anapasua sakafu za watu kwenye harusi? Mpaka wenye nyumba wanaomba ucheze nje?"

"Hayo ya zamani, kaka."

"Viroboto hawajui ya zamani."

Akaingia ndani. Nikadhani amekasirika. Alitoka amejifunga kanga kiunoni, akaenda ukutani akaita, "Agnesi! Njoo na ndoo yako ile kubwa."

Ndivyo ilivyoanza. Asubuhi, watu wakishakunywa chai, Agnesi anakaa mlangoni na ndoo imefudikizwa, anaipiga kwa viganja. Mwasiti anaingia katikati ya chumba. Kwanza alicheza kidogo kidogo, kwa haya. Halafu mguu ukamkumbuka mwenyewe. Walitunga na wimbo:

*Amkeni, amkeni, wenyewe tumerudi,*
*Mjukuu yuko njiani, hataki wageni!*

Kalemie alitembea katikati ya miguu ya Mwasiti, mkia juu, kama afisa anayekagua gwaride. Viroboto walimrukia kwa furaha, na furaha yao ilikuwa fupi. Ngoma ikikoma tulimwaga maji ya moto ya sabuni, tukasugua nyufa, tukafagia. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchana watoto wa paka na kumzamisha kila kiroboto kwenye bakuli la sabuni. Na kazi yangu ya pili ni soksi.

Nilizipata mitumbani, soksi za wachezaji mpira, nyeupe, zinafika magotini. Nilizivaa nikazunguka chumba suruali nimeipandisha, Mwasiti amepiga magoti na tochi ya simu.

"Bwana harusi amepoteza suruali!" Agnesi anapiga kelele mlangoni.

Siku ya kwanza soksi zilikuwa na madoa kama ganda la ndizi mbivu. Viroboto wakawa wachache. Wakawa wa kutafuta. Mwasiti alianza tena kufungua mlango jioni na kutabasamu.

Kisha asubuhi moja, ngoma iko katikati, bajaji ikasimama nje. Mama Ashraf aliingia bila hodi, jasho linamtoka.

"Lulu amejifungua! Mtoto wa kike, wote wazima!"

Mwasiti alibaki mguu mmoja hewani. Halafu akapiga vigelegele, Agnesi akadaka, hata mimi nilipiga, ijapokuwa si kazi ya wanaume. Ila Mama Ashraf hakukaa.

"Nimefuata beseni na zile kanga," akasema, "nizipeleke Mwanga. Kesho wanatoka." Ndipo akatazama. Akaona ndoo mlangoni, Mwasiti kajifunga kiuno, paka katikati ya chumba, na mimi, mzee mzima, kwenye soksi za mpira. "Mnafanya nini humu?"

Agnesi ana akili ya haraka. "Tunamshangilia mtoto, mama!"

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, wazi kabisa. Nilimtazama dada yangu nikamwomba kwa macho aupite.

"Agnesi, habari ya mtoto nimeisikia sasa hivi," Mwasiti akasema. "Mkwe mwenzangu, sitakudanganya juu ya ngozi ya mjukuu wetu. Tunawaamsha viroboto, tuwamalize. Wengi wamekwisha. Kama wamekwisha wote, sijui."

Mama Ashraf akanigeukia. "Na hizo soksi?"

Nikamweleza.

"Zivue. Nipe."

"Mama, nimezivaa tangu..."

"Mzee Saad, nimelea wavulana watano. Nipe soksi."

Akaketi kwenye kigoda, akazivuta mpaka magotini, akaingia chumbani. Akasimama katikati, mikono kiunoni. "Agnesi, piga."

Agnesi akapiga. Mama Ashraf akakanyaga mguu wa kulia, sakafu ikaitika. Akakanyaga wa kushoto. Jamani, yule mama! Ndoo iliruka, vikombe viliongea kabatini, Kalemie akapanda dirishani. Mwasiti akashindwa kujizuia, akaingia, wakawa wawili wanajibizana kwa visigino, huyu akitia huyu anarudisha, mpaka kilemba cha Mama Ashraf kikadondoka na hakuna aliyekiokota.

Walipokoma, alitoka nje akanyoosha miguu juani. Tukainama wote. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe. Kwenye ukingo wa soksi ya kushoto, doa moja jeusi. Likaruka. Mwasiti alifumba macho.

Mama Ashraf alilidaka kwa kidole alicholowesha mate, akalibana kati ya kucha mbili. Tukasikia *tik*.

"Mmoja," akasema. Akahema. "Kwangu mbu wanaimba usiku kucha, sijawahi kuwatangaza." Akahema tena, akitazama sakafu ya chumba. "Mama Lulu, kumbe sakafu yako inasema hivi? Vigae vyangu havina sauti. Ukikanyaga, unateleza tu. Sijacheza tangu tuvitie."

"Na beseni?" Mwasiti aliuliza, sauti ndogo.

"Beseni liache palipo. Utamkandia wapi mwanao, Mwanga?"

Lulu aliletwa kesho yake jioni pamoja na kichanga chake, yule bibi mdogo, kafungwa kama kifurushi cha kahawa. Mwasiti alimpokea mjukuu kizingitini, hakumtoa mikononi mpaka alipolilia ziwa. Mimi, kwa mazoea ya safari, nilikuwa nimeweka nafasi kwenye boti la kwenda Mpulungu wiki ile. Liliondoka bila mimi.

Na Mama Ashraf anakuja kila asubuhi kwa bajaji, ana soksi zake nyeupe kwenye mkoba. "Nimekuja kuhakikisha," anasema, na anamwita Agnesi alete ndoo. Mtoto analala fofofo humo humo kwenye vishindo. Viroboto wamekwisha siku nyingi. Sisi wote tunajua, na hakuna aliyemwambia Mama Ashraf.