Ile Mwanamke Imekuwa Bwana

Badiru alikuwa na tangi la maji ya chumvi sebuleni kwake, Busia, na ndani yake samaki watano wa matumbawe walioletwa kutoka Mombasa: dume mmoja mwenye mapezi marefu ya buluu, na majike wanne wa rangi ya chungwa. Kila mgeni aliambiwa kwamba dume huyo ana wake wanne na hajawahi kumnunulia hata mmoja sukari.

Kisha lori likamvunja mguu, akalazwa Tororo miezi miwili. Mkewe, Sakinah, akawa anashinda hospitalini. Nyumba ikaangaliwa na mama yake Sakinah, Bi Rukiyah, mchuuzi wa dagaa kutoka Majanji. Bibi huyo aliwasagia samaki dagaa na kuwaongezea maji kila asubuhi, kama alivyoagizwa.

Badiru alirudi na magongo, na kabla ya kuketi akahesabu. Dume mmoja. Majike watatu.

"Mama, samaki mmoja yuko wapi?"

"Ile bwana yao iliruka nje, nakuta imekauka chini. Nazika huko nyuma." Bi Rukiyah akanyoosha kidole tangini. "Sasa ile mwanamke kubwa imekuwa bwana."

Majirani waliokuja kumpa pole walikuwa wamejaa sebuleni. Badiru akaangua kicheko. "Jamani! Dume huyu hapa anaogelea, naambiwa amezikwa! Mama, sema tu mboga iliisha, ukamkaanga jike."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bi Rukiyah aliinuka. Alikunja leso yake, akamuaga binti yake, akarudi Majanji siku ileile. Sakinah naye akawa anamwekea mumewe chakula bila neno.

Wiki ya tatu Badiru akampigia Aziz, aliyemuuzia samaki, amletee jike badala ya yule aliyeliwa. Aziz akataka kujua aliliwaje, akasimuliwa yote.

"Hakuliwa, ndugu yangu. Hawa, dume akifa, jike mkubwa hugeuka dume, rangi na mapezi yote. Miaka yote hiyo unafuga, hukujua?"

Badiru alikata simu. Aliona aibu ya kutamani ardhi ipasuke. Mkwe, mtu asiyepaziwa sauti, alimwita mwizi wa kitoweo mbele ya watu! Na mama wa watu alikuwa amemwambia kila kitu, neno kwa neno.

Kesho yake alikwenda Majanji na magongo yake. Akamkuta Bi Rukiyah kati ya wanawake wenzake, wakianika dagaa. Akapiga goti moja, lile zima, wote wakiona.

"Mama, ulisema kweli. Nimekukosea. Nisamehe."

"Inuka, mguu itavunjika tena," alisema Bi Rukiyah. Akamtandikia mkeka, akaingia jikoni, akatoka na sahani ya samaki wa kukaanga. Akaiweka mbele yake taratibu, kwa heshima zote za mkwe.

"Hesabu kwanza, baba," alisema. "Halafu kula."