Asante Si Jibu

Haya, tegua hiki kabla kahawa yako haijapoa: unapewa bila kunyoosha mkono, ukikipokea roho inanung'unika, ukikikataa moyo unadunda. Ni nini?

Umesema posa? Hata mimi ningesema hivyo. Nimeishia darasa la tano, sikulijua jibu mpaka nilipofiwa na mume wangu Anselmo nikaanza kupangisha vyumba kwa wanafunzi. Jibu ni alama ya mtihani.

Kwetu Bologna mwanafunzi hukaa mbele ya profesa akaulizwa kwa mdomo, na yeyote anayetaka anaweza kukaa nyuma kusikiliza, kama kwenye kesi. Mwishoni profesa anataja alama, halafu anauliza: "Unakubali?" Ukikubali inaandikwa na imekwisha, hata ukilia. Ukikataa unarudi siku nyingine kuulizwa upya, na ile ya kwanza imekufa, hata kama ya pili itakuwa mbaya zaidi. Alama zinaishia thelathini. Chini ya kumi na nane umeanguka.

Anayeijua vizuri desturi hiyo ni Saverio, mpangaji wangu, kijana wa Calabria. Nasema kijana kwa heshima tu, maana ana mvi tatu, nimeziona. Alikuja kusoma uhandisi wa miaka mitano. Mwaka ule ulikuwa wake wa tisa. Si mjinga hata kidogo. Ugonjwa wake ni kukataa. Alipewa ishirini na sita, akakataa. Akarudi, akapewa ishirini na nane, akakataa. Akarudi tena, akapata ishirini na tatu, akakataa kwa hasira. Mimi humwita mume wangu, kwa sababu hata marehemu Anselmo, dereva wa lori, hakukaa ndani ya nyumba hii siku nyingi kama yeye.

Basi Septemba moja akaja Nestani, kutoka Kutaisi, nchi ya Georgia. Msichana mrefu, nyusi nene, sauti ndogo kama ya mtu anayeongea kanisani. Alikuja kwa mwaka mmoja kusoma sanaa za kale. Alinibusu shavu moja akadhani amemaliza, mimi nikamgeuzia la pili, tukagongana pua. Tangu hapo akaniita bibi.

Kila Jumamosi Nestani alipanda treni. Si ile ya haraka. Ile inayosimama hata pale penye kuku watatu na benchi. Alirudi jioni miguu imevimba, nami nikamuuliza, "Leo umeona nini?" Badala ya kunijibu alifungua mkoba. Kutoka Ferrara, mkate wenye pembe nne. Kutoka Mantova, keki. Kutoka Modena, chupa ndogo ya siki nyeusi ambayo Saverio aliimalizia kwenye saladi moja. Kwa kuwa nilikuwa na kitu mdomoni, sikuuliza mara ya pili.

Aprili ikaja barua kutoka chuo chake cha kwao. Akipata ishirini na saba au zaidi kwa Profesa Bentini, mwalimu wake wa hapa, anabaki mwaka wa pili. Ikipungua hapo, mwisho wa Julai anarudi Kutaisi.

"Na unataka kubaki?" nikamuuliza.

"Bibi, ninataka mpaka tumbo linauma."

Akakunja ramani ya treni akaiweka chini ya godoro. Akachukua kitabu alichoandika Profesa Bentini mwenyewe, kurasa mia nne, akaanza kukimeza. Nikipita na kapu la nguo namsikia mlangoni, mstari kwa mstari, bila kupumua. Nusu ya kitabu ilihusu makanisa ya Ravenna, mwendo wa saa moja na kidogo kwa treni.

"Si uende ukayaone?"

"Nitaenda baada ya mtihani, bibi. Sasa sina nafasi."

Siku ya mtihani, mwezi wa Juni, nilikuwa nakunja tortellini, vile vifuko vidogo vya tambi, mezani, Saverio ananiibia nyama ya kuweka ndani. Nestani akaingia, akaketi bila kuvua mkoba.

"Enhe?" nikasema.

"Amenipa ishirini na nne."

Tatu zimepungua. Saverio akamgeukia. "Na alipokuuliza kama unakubali, ulisemaje?"

"Nilisema asante."

"Asante ndiyo, au asante hapana?"

"Asante tu. Nikachukua mkoba nikatoka."

Nyama ikamponyoka Saverio mkononi. "Ukatoka? Mtu amekuuliza swali ukatoka?"

"Nilidhani ni adabu yake! Kwetu mwalimu akikupa alama umepewa, kama mvua. Nani anabishana na mvua?"

"Hapa tunabishana nayo," Saverio akasema. "Mimi sijalowa tangu nianze chuo."

"Na hujavuna pia, mume wangu," nikamwambia. "Toa mkono kwenye bakuli."

Asubuhi Nestani akakimbia chuoni. Akamkuta katibu, mama mmoja mwenye feni mezani, ambaye alimweleza kwamba kwa Profesa Bentini asiyejibu amekataa. Daftari limekwisha fungwa. Mtihani mwingine ni tarehe kumi Julai, na huo ndio wa mwisho kabla ya vuli.

Sasa pima mwenyewe. Ile ishirini na nne isingembakisha Bologna, lakini angalau angerudi kwao na mwaka wake umetimia. Sasa hana hata hiyo. Akianguka Julai, anaondoka mikono mitupu. Na hakuthubutu kukataa, maskini; alikataa kwa kushukuru.

Alilia kwenye ngazi ili nisimsikie, kama kwamba ngazi za nyumba hii zinajua kutunza siri. Saverio akamshukia na leso. "Karibu kwenye ukoo wa wakataaji," akamwambia. "Mimi ndiye babu yenu."

Akajitolea kumfundisha. Kila alasiri akawa anakaa mwisho wa meza, miwani yangu puani ili afanane na profesa, anapiga kelele: "Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja!" Nestani anafumba macho, ukurasa wote unamtoka na nukta zake. Mimi namenya maharage nasikiliza. Wiki nzima. Mpaka siku moja nikauliza, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza:

"Kama unakijua hivi, profesa alikukwamisha wapi?"

Nestani akaona haya. "Aliniuliza juu ya Ravenna, nikampa ukurasa. Akasema, 'Huo naujua, niliuandika mimi. Wewe umeona nini?' Nikampa ukurasa mwingine. Akauliza tena, 'Wewe umeona nini?' Nikanyamaza."

Ganda la haragwe likanidondoka. "Mwanangu! Si ndilo swali ninalokuuliza mimi kila Jumamosi?"

"Wewe nilikuletea mkate, bibi."

"Na yeye ulimpelekea nini? Mkate wake mwenyewe!"

Jumamosi hiyo nikavaa viatu vya kutembelea. Ravenna nilifika mara moja tu, nikiwa na Anselmo, tulipeleka mzigo wa viti. Sikushuka kwenye lori. Stesheni, kabla sijapata miwani yangu, Nestani alikuwa amekwisha kugonga mhuri tiketi zote mbili kwenye kile kisanduku cha ukutani na kunionyesha jukwaa. Mtoto yule alizijua treni zetu kuliko mimi niliyezaliwa nazo. Tulipoketi akatoa kitabu. Nikakichukua, nikakikalia.

"Bibi!"

"Utakipata Ravenna."

Na nilikikalia kweli, vituo vyote, mpaka ubavu ukafa ganzi. Sijawahi kuwa karibu na elimu ya juu kiasi kile.

Tukaingia kanisa la Mtakatifu Apolinari, lile la mjini. Ndani kuna ubaridi mzuri. Ukuta mzima umepambwa kwa picha za vijiwe vidogo vidogo vya rangi, na mahali pamoja kuna jumba la kifalme, dhahabu tupu, nguzo nyeupe, na mapazia yamefungwa fundo katikati kama ya mama wa nyumbani anayetaka kudeki.

Nikaangalia, nikaangalia tena. "Mbona yule ana mkono tu?"

"Nani, bibi?"

"Pale, juu ya nguzo. Vidole vile. Na mwingine huku. Mwenyewe yuko wapi?"

Nestani akafumba macho. "Ukurasa wa mia moja themanini na nne. Baada ya kifo cha mfalme Teodoriki, sura za watu wa baraza lake ziliondolewa na mahali pake yakawekwa map..." Akafumbua macho. Akasogea. Akainua shingo mpaka kofia ikaanguka. "Bibi. Mikono imebaki."

"Si ndivyo ninavyosema?"

"Waliwafuta, wakaisahau mikono!"

"Hawakusahau, mwanangu. Mkono uko juu ya nguzo. Ukiung'oa unabomoa nguzo. Dada yangu alipoachwa na mume wake, nilichukua picha ya harusi nikamkata yule mwanamume kwa mkasi. Nikamtoa mzima, na kofia yake. Lakini alikuwa amemshika dada begani, na bega sikuweza kulikata. Vidole vyake viko pale mpaka leo."

Nestani akacheka. Wewe hujamsikia, ile sauti ndogo ilikuwa imeficha kicheko cha mchuuzi wa sokoni. Mlinzi akatukemea. Nestani akashika mdomo, akaketi sakafuni, akatoa penseli akaanza kuchora: mkono wa kwanza, mkono wa pili, mafundo ya mapazia. Saa nzima. Mimi nikatoka nje nikala mkate bapa wenye jibini, nikamwachia nusu, kisha nikala na ile nusu.

Tulienda tena Jumamosi iliyofuata, kwenye kanisa la Mtakatifu Vitale, tukawaona wakubwa wa mfalme wamejipanga wanakanyagana vidole vya miguu kama watu kwenye foleni ya nyama. Jioni hiyo nilipomuuliza ameona nini, tambi zilipoa mezani, hakunyamaza.

Tarehe kumi ikafika. Nilivaa hereni za lulu. Miaka mingapi nimefua mashuka ya wanafunzi wa chuo kile, na ndani sijawahi kukanyaga! Tukakaa benchi la nyuma, mimi na Saverio aliyepiga pasi shati mbele tu. Profesa Bentini, mtu mfupi, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, akaniona.

"Na wewe, mama, umekuja kufanya mtihani?"

"Nimekuja kusikiliza, profesa. Ukiniuliza mimi utachelewa chakula."

Ukumbi ukacheka. Nestani akaketi mbele yake, mgongo umenyooka kama mshumaa. Profesa akafungua daftari.

"Wewe ndiye uliyeniambia asante."

"Ndiyo, mwalimu."

"Haya. Ravenna. Umeona nini?"

Nikaubana mkoba wangu mpaka kifungo kikalia. Saverio akanong'ona, "Mia moja themanini na nne," kama mtu anayesali. Niliona shingo ya Nestani inajiandaa kutoa ukurasa. Naijua shingo ile. Halafu ikalegea.

"Mwalimu, naomba nitege kitendawili."

Profesa akashusha miwani. "Tega."

"Mikono imeshika nguzo, wenyewe wamefukuzwa nyumbani."

Profesa akatabasamu upande mmoja. "Endelea." Naye akaendelea. Akaeleza vidole vingapi vinaonekana na kwenye nguzo ipi, kwa nini fundi hakuweza kuving'oa, na mapazia yanaficha nini. Akafika mpaka kwa shemeji yangu na mkasi, mbele ya watu wote! Saverio akaficha uso. Mimi nikajinyoosha, ukoo wetu umeingia chuo kikuu.

Lakini profesa naye si mtu wa kushibishwa na hadithi. Akamuuliza juu ya askofu mmoja, Nestani akamchanganya na mwingine. Akamuuliza mwaka, akapata. Akamuuliza mwaka mwingine, akakosea, akajirekebisha, akakosea zaidi. Mwishowe profesa akainamiana na msaidizi wake, wakanong'onezana muda wa kuchemsha yai.

"Ungemjua yule askofu wako," profesa akasema, "tungeongea mengine. Ishirini na saba."

Nilisikia jambo likidondoka kifuani mwangu, kama jiwe la figo. Saverio, kwa mazoea, akaruka: "Kataa! Ukirudi unapata thelathini!"

"Arudi lini, Krismasi?" nikamfinya. "Nyamaza, mume wangu."

Profesa akainua kalamu. "Unakubali?"

Nestani akasimama. Uso umemwiva, macho yanameremeta, hamwoni mtu. "Asante, mwalimu," akasema. Akachukua mkoba wake, akageuka, akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

Saverio akashika kichwa. Msaidizi akamtazama profesa. Kalamu iko juu bado. Nestani alipofika kwenye benchi letu akitaka kunikumbatia, nikanyoosha mguu, wenye kiatu changu cha kutembelea, nikaziba njia yote.

"Mwanangu," nikamwambia, "umeulizwa swali."

Akasimama. Akautazama mguu, akanitazama mimi. Damu ikamshuka usoni, ikapanda tena. Kisha akageuka kule mbele, na ile sauti ya kicheko cha sokoni, niliyoisikia Ravenna, ikajaa ukumbi mzima:

"Nakubali!"