Kabla Haijafika Zamu Yangu

...na sasa Kipaza amefungua kalamu, amepiga mstari chini ya kitu fulani, nini hicho, kwa nini apige mstari wakati anayezungumza ni Dada wa Mahusiano, mwalimu wetu wa mahusiano ya umma, na anachosema hakihitaji mstari, anaeleza semina yake ya mtandaoni, jinsi ilivyohudhuriwa, jinsi ilivyopokelewa, jinsi wadau walivyoguswa... wadau, neno hilo linanenepa kila mwaka, na Mkuu wa Idara anaitikia kwa kichwa huku anaandika, maana kila tutakachosema humu kuhusu utafiti wetu kitakwenda kwa Mkuu wa Kitivo, na Mkuu wa Kitivo ana mkasi, ndivyo alivyosema Mkuu wetu alipofungua kikao, akijaribu kuifanya mzaha, ndugu zangu bajeti ijayo ni nyembamba, programu moja ya idara hii haitavuka mwaka, kwa hiyo mtu aseme kazi yake aeleweke, tukacheka kidogo, kicheko cha watu walio kwenye foleni ya sindano, wote isipokuwa Kipaza. Kipaza hakucheka. Nilimwona. Kipaza ni mwenzangu, mimi na yeye ndio programu nzima ya mawasiliano ya afya, na jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu akifundisha ukumbi wa chini, darasa la juu yake linaweza kuandika notisi bila kushuka ngazi, mtu mwenye sauti ya namna hiyo, halafu wiki hii yote amekuwa bubu, ananipita kwenye ujia kama anavyopita ubao wa matangazo, na leo amekaa ng'ambo ya meza, upande wa dirishani, karibu na Mkuu, wakati siku zote tunakaa bega kwa bega, na tena amekaa mahali ambapo zamu itamfikia yeye kabla yangu... hapo ndipo penye kazi. Akisema utafiti wetu, sawa. Akisema utafiti wangu, mimi nitasema nini, nitanyoosha kidole kama mtoto wa darasa la pili, mwalimu amechukua kifutio changu? Mjomba ananisogezea pipi ya mnanaa, kaka yetu mkubwa hapa idarani, mwalimu wa habari za magazeti, tunamwita Mjomba kwa sababu kila mtu kwake ni mpwa, ananisogezea pipi na kuninong'oneza bila kugeuza shingo, sikiliza atakavyosema, mwanangu, sikiliza neno kwa neno, na mimi naitikia kwa kichwa, ndiyo Mjomba, nasikiliza, tangu asubuhi sifanyi kingine, nimesikiliza hata anavyomeza chai. Utafiti wangu. Ulikuwa wangu kabla hajaujua, ulianzia nyumbani kwetu, ulianza siku mama aliporudi kutoka hospitali akiimba, anaimba mlangoni, anaimba akivua viatu, nikamuuliza mama kulikoni, akaniambia daktari amesema majibu ni chanya, mwanangu, chanya, si umesikia, akafungua madirisha yote ya nyumba, akampigia dada yake simu amwambie, na mimi nimesimama pale na ndoo mkononi nikijua chanya maana yake nini kwenye karatasi ya daktari, na sikuwa na mdomo wa kumwambia, nikamwacha aimbe mpaka jioni... mama, ukaimba mpaka jioni. Ndipo nikaenda kukaa kwenye benchi la kliniki na kinasa sauti, nikiwauliza wagonjwa wakitoka chumba cha daktari, umeambiwa nini, na ulichoambiwa maana yake nini, mzee mmoja ameambiwa ale kidogo kidogo mara nyingi akaelewa ale kidogo, basi, akakonda mpaka mkanda ukamzunguka mara mbili, mama mmoja ameambiwa dawa kutwa mara tatu akanywa vidonge vitatu kwa mpigo ili asisahau, na Kipaza akaja nilipozidiwa na kanda, haki yake nimpe, aliketi akasikiliza saa na saa, akaandika neno kwa neno, akaniambia hii si ya kongamano peke yake, hii itafundishwa kwa madaktari, tukaandika makala, tukapata jarida la kuichapisha, tukapeana mikono kwenye ngazi tukiwa na vumbi la chaki... na sasa kongamano linakuja na jina langu halimo. Halimo. Ameandikwa peke yake kwenye ratiba. Kikulacho ki nguoni mwako, Mjomba aliniambia hivyo siku aliponipa habari, akaniwekea mkono begani, akasema sikutaka uisikie kwa watu baki, na nilipolia akanipa leso yake, mtu wa heshima, leso imepigwa pasi. Halafu ile siku ya ofisini kwa Mkuu, naingia, Mkuu na Kipaza vichwa vimekaribiana juu ya meza, wananiona, wananyamaza, na ukimya wa watu waliokuwa wakikutaja una harufu yake, huna haja ya kuambiwa, Mkuu akakohoa akasema tutaongea baadaye, Kipaza akachukua mfuko wake akatoka bila kunitazama usoni, na mimi nimesimama kama mgeni aliyekosea nyumba. Baadaye lini? Mpaka leo. Tangu siku ile nikafungia kanda zote kwenye droo yangu na ufunguo nikautia kwenye pochi, ndio huu, nausikia kwa vidole, na nadhani aliniona nikifunga, alisimama mlangoni na vikombe viwili vya chai, akatazama droo, akatazama pochi, akaondoka na vikombe vyote viwili. Hana haya, kuniletea chai. Au chai ilikuwa njia ya kuniuliza kanda ya mwisho iko wapi, Mjomba alisema atakuja kwa upole, usidanganyike, mtu akitaka kukutoa ulimi hukuchekea kwanza, na kweli alikuja kwa upole, Mjomba anajua watu. Dada wa Mahusiano bado, amefika kwenye matokeo sasa, anasema jambo lililomshangaza katika semina yake ni kwamba washiriki wengi waliodhani wamesikia habari kutoka kila upande, walipoulizwa vizuri, ilionekana wote wameipata kwa mtu mmoja, chanzo kimoja tu kimejigawa mara nyingi, na Mkuu anaandika, na kila mtu anaitikia kwa sababu hilo hata wa mwaka wa kwanza wanalijua, mimi mwenyewe nawafundisha, wiki ya pili, ninawaandikia ubaoni nani kasema, na yeye kaambiwa na nani, lisemwalo lipo nawaambia ni methali nzuri ya sebuleni, lakini kwenye kazi yetu lisemwalo lina mdomo uliolisema, utafuteni mdomo... Ratiba ya kongamano. Niliiona? Si niliiona. Nilionyeshwa... hapana, sikuonyeshwa, niliambiwa, Mjomba alisema ameiona kwa rafiki yake wa kamati na haijatoka rasmi, usiulize utaonekana mchokozi. Sikuuliza. Na ile habari kwamba Kipaza amemwomba Mkuu programu yetu ibaki na mwalimu mmoja? Mjomba. Na kwamba amekuwa akisema kanda zangu zina makosa? Mjomba, kwenye ngazi, huku anatazama nyuma. Ile ya ofisini basi, ile niliiona kwa macho yangu mawili, hakuniambia mtu, niliingia mwenyewe... niliingia kwa nini? Mkuu anakutafuta, nenda sasa hivi, aliniambia nani. Na Mkuu hakuwa ananitafuta, ndiyo maana alikohoa, nilipomwambia nimeitikia wito alinitazama kama mtu asiyejua wito gani. Ngoja. Ngoja kwanza. Usikimbie, umekimbia wiki nzima kuelekea upande mmoja, sasa unataka kugeuka ukimbie upande wa pili kwa mbio zile zile, Mjomba ndiye aliyekuja hospitali mama alipolazwa, Mjomba amekaa idarani kabla hatujazaliwa sisi kitaaluma, atake nini kwangu? Lakini programu moja haitavuka mwaka. Mahusiano ina wanafunzi mpaka wanasimama madirishani, haiguswi. Zinabaki mbili, yetu na ya magazeti, na darasa la Mjomba muhula huu nimelipita mlango ukiwa wazi, viti vitupu na yeye anazungumza na watu wa safu ya mbele tu, kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama anaongea na wageni waliobaki msibani, na hajachapa kitu tangu tukiwa wanafunzi wake, na sisi tuna makala iliyokubaliwa na jarida, na tukigombana mbele ya Mkuu leo, utafiti wetu, utafiti wangu, kila mtu akivuta kwake, Mkuu wa Kitivo atasoma nini zaidi ya ugomvi? Panya huuma huku anapuliza. Pipi iko mdomoni mwangu, imeanza kuwa chungu, au ni mate yangu. Inawezekana nakosea. Inawezekana Kipaza kweli ananichimba na Mjomba kweli ananipenda, na nikiamini hili jipya bila kuuliza nitakuwa mjinga yule yule, nimebadilisha tu kiti... kiti. Kipo kitupu pale karibu na Kipaza, dirishani, hakuna aliyekikalia. Nikinyanyuka wataona. Waone. Mjomba ananigusa kiwiko, unakwenda wapi mpwa wangu, nasema jua linanipiga, na jua haliko upande wetu hata kidogo, nazunguka nyuma ya migongo ya watu nikiomba radhi, Dada wa Mahusiano ananisubiri kwa jicho kisha anaendelea, nakaa, na Kipaza anajivuta pembeni kama mtu aliyekaliwa ubavuni na polisi, na karatasi yake naiona sasa, hakuna neno, amepiga mistari mitupu, mstari juu ya mstari, ya mtu asiyejua aweke wapi mikono. Sauti yangu inatoka nyembamba. Namuuliza kwenye kongamano ameandikisha jina la nani. Anaweka kalamu chini.

"Letu," anasema. "La kwako mbele. Kwa nini?"

"Na siku ile kwa Mkuu, mlikuwa mnasema nini mkaninyamazia?"

Anakuna shavu, anajitahidi kunong'ona, na mnong'ono wa Kipaza ni sauti ya kawaida ya mtu mwingine. "Aliniuliza kama ni kweli unahamia chuo kingine na kanda zako. Nikamwambia hujaniambia. Halafu nikakuona unafungia droo."

Nani kamwambia Mkuu nahama, namuuliza, na najua, kabla hajafungua mdomo najua, lakini namwacha ajibu mwenyewe, safari hii nataka kuisikia kwa mwenye nayo, na Kipaza hasemi jina, anainua kidevu kidogo kuelekea ng'ambo ya meza, anasema alikuja kwangu pia, alikuwa na huzuni, alisema nisikuulize nitakuumiza, na ananiuliza, kwa hiyo huhami? na mimi nacheka, kicheko kinanitoka puani, nihamie wapi, nani ananitaka na mabenchi yangu ya kliniki, na macho yake yanalegea, mtu mzima huyu, anaangalia dirishani haraka haraka kana kwamba kuna kitu nje. Wiki nzima. Wiki nzima tumebebeana ukimya kama mizigo ya watu, na aliyetutwika anamenya pipi nyingine pale ng'ambo, anaikunja karatasi yake vizuri, nne kwa nne, mikono yake ina madoa ya uzee ambayo sikuwahi kuyaona, na hasira niliyoitegemea haiji yote, inakuja nusu, nusu nyingine ni kile chumba chake chenye viti vitupu na mlango ulioachwa wazi ili labda mtu apite aingie, mzee wa watu anaogopa, naye anaogopa, lakini alinipa leso nikalia kwa machozi aliyoyachokoza mwenyewe, na hilo sitalimeza pamoja na pipi. Nitamwuliza. Si kwenye ngazi, si kwa kunong'ona huku naangalia nyuma, nitamwuliza hapa hapa mezani Mkuu akisikia, Kipaza akisikia, nitamwamkia kwanza maana adabu ni adabu, kisha nitamwambia Mjomba, ile habari ya kwamba nahama, umeipata kwa nani, na nitangoja jibu, hata likichelewa nitangoja, Kipaza amekisogeza kiti chake kidogo ili nipate nafasi ya kuweka kiwiko, Dada wa Mahusiano anasema na jambo la mwisho kabisa, na Mkuu hajainua kichwa, bado anaandika...