Bustani ya Luciana Chini ya Karasha

Mimi sina unafiki: mke mwenzangu Luciana namwonea wivu, na sikuanza leo. Mume wetu Simeoni alipotugawia bustani, yeye alimpa ile ya chini ya karasha, mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu, ambako maji ya kuoshea mawe yanatiririka hata kiangazi. Mimi nikapewa ya mlimani, kokoto tupu. Sokoni Issuna mchicha wake unagombaniwa, wangu unanyauka mezani.

Basi wapima udongo walipofika na ndoo na koleo zao za plastiki, Luciana alikuwa msibani Sepuka. Wakachota udongo kila pembe ya bustani yake, wakachanganya, wakafunga kwenye mfuko. Roho ikaniuma. Hata wageni wanamfuata yeye. Nikajua tu huo ni mradi, wanaleta mbolea au pampu. Kijana mmoja akaniuliza, "Mama, hii bustani ya nani?"

"Yangu. Andika Dorika."

Mwezi uliofuata mwenyekiti wa kijiji akaita mkutano, akasoma majibu waliyotuma. Bustani ya Dorika ina zebaki nyingi mno, ile ya kunasia dhahabu, mboga zake zisiliwe. Luciana akanishika mkono, akanipa pole. Hiyo pole ndiyo iliyonichoma zaidi.

Nikasimama nikasema kweli: bustani waliyopima ni ya Luciana, mimi nilipachika tu jina langu. Watu wakacheka.

"Huyu naye," Simeoni akasema, "hata sumu anataka mwenzake awe nayo."

Jioni tulikula kwa Luciana, kama kila Jumapili. Akatenga ugali na bakuli la mchicha wa karanga. Watoto wote, wangu na wake, wakanyoosha mikono. Nikalinyakua lile bakuli, nikalimwaga jalalani, nikaukanyaga mchicha mpaka ukachanganyika na majivu.

Simeoni amesema nirudi kwetu nikapoze wivu wangu. Sawa, nitakwenda. Lakini asubuhi hii kwanza nimeshuka karashani na jembe, nang'oa mchicha shina kwa shina. Luciana amesimama kando analia, majirani wamemzunguka wanambembeleza. Nimemwambia alie tu, wanawe hawatakula kitu hiki nikiwa hai.

Na bado namwonea wivu. Yeye akilia, watu wanamwamini.